Kabla hujasema protini ya ndege inastahimili joto

Nilipoanza kulinganisha protini za virusi vya influenza vya ndege, nguruwe na binadamu, jibu nilikuwa nalo mfukoni. Utumbo wa ndege una joto la nyuzi 40 hivi, pua ya binadamu kama 33 tu. Basi ya ndege ndiyo itakayovumilia zaidi. Hesabu ya mtoto.

Nikatia mirija yenye virusi hivyo kwenye kipasha joto, nyuzi 50, nikawa natoa mmoja mmoja na kuchanganya na chembe nyekundu za damu. Hemaglutinini, protini ya juu ya kirusi inayoshika seli, ikiwa nzima, chembe hushikana na kutanda kama utando kisimani, yaani kwenye kishimo cha sahani ya kupimia. Ikiharibika, huteremka na kuacha kitone chekundu katikati. Vitone vikajaa kwenye safu za ndege peke yake. Kinyume kabisa cha hesabu yangu! Nilishangaa siku mbili nzima. Kumbe mirija ya ndege ilikaa katikati ya kipasha joto, na ya binadamu pembeni kunakopoa! Kwa hiyo usiamini namba ya kwenye kioo: chomeka kipimajoto ndani ya mrija wenye maji, na ubadilishe nafasi za mirija kila unaporudia.

Nilipotengeneza hilo, hesabu yangu bado haikusimama. Hemaglutinini ni kama mtego uliotegwa: hufyatuka asidi inapozidi ndani ya seli, na joto kali nalo huufyatua. Nyingi za ndege hufyatuka kwenye asidi hafifu kuliko zile za mafua ya msimu ya binadamu. Unapoipasha moto, basi, unapima ugumu wa mtego. Joto la mwili wa mwenyeji, yaani mnyama au mtu anayebeba kirusi, halimo humo.

Ukitaka kuona joto la mwenyeji, nenda kwenye polimerasi, kimeng'enya kinachonakili jeni za kirusi. Katika PB2, sehemu mojawapo ya polimerasi, nafasi ya 627, virusi vya ndege kwa kawaida vina asidi ya amino iitwayo asidi ya glutamiki, na polimerasi yao huzubaa kwenye nyuzi 33 ndani ya seli za binadamu. Ikiingia lisini, asidi ya amino nyingine, mahali hapo, kazi inachangamka. Pima kwa 33 na 37. Kule 50 hutajifunza lolote juu yake.

Neuraminidesi, protini nyingine ya juu ya kirusi, nayo hutegemea kalsiamu, kwa hiyo tumia bafa (myeyusho wa kuchanganyia) moja, yenye kalsiamu ileile, kwa sampuli zote. Na usiandike kwamba kirusi kimekufa au kimepona kwa kutazama vitone tu. Mimi niliwahi kuona utando mzuri kabisa kisimani, nikaweka sampuli ileile kwenye seli, haikuambukiza hata moja.