Usitume pesa za kuezeka kabla hujasoma hapa

Usitume! Umeuliza kama umtumie mkandarasi nusu ya pesa za paa la nyumba yako ya Fuoni, hapa Unguja; nusu hiyo ibaki huko huko Marekani uliko. Mwenyewe umeandika kuwa kwenye majimbo mengi ya huko fundi asipolipwa na mkandarasi anaweza kuandikisha dai juu ya nyumba yako, hata kama wewe ushamaliza kumlipa mkandarasi, ndiyo maana mnachukua saini za mafundi kwanza. Halafu unamalizia, "ila kwetu tunajuana". Hilo "tunajuana" mie limenila milioni nne na laki sita.

Nilikuwa naezeka Kisauni. Shemeji yangu, Mungu amsamehe maana mie bado, akanambia mkandarasi huyu anasali safu ya mbele, karatasi za nini? Nikatoa pesa za mbao, bati na ufundi kwa mkupuo mmoja. Akanitumia picha ya gari limejaa mbao, nami nikamjibu mashallah. Mashallah!

Paa likapanda, likapendeza. Wiki ya tatu kaja mwenye duka wa Mwanakwerekwe na daftari lake, ukurasa mzima juu umeandikwa "nyumba ya Mwalimu, Kisauni": bati, misumari, mbao mbili kwa nne, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, "bado". Jioni kaja seremala na vijana wawili, nyundo mkononi. Nikamwambia mapatano yako na mkandarasi, si na mie. Akatazama juu, akasema kwa upole, "Sawa, Mwalimu. Basi nishikie ngazi nikateremshe kazi yangu."

Tukaishia kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa. Mkandarasi simu haipatikani, na safu ya mbele msikitini kaihama. Nikalipa mara ya pili. Ungelala wewe chini ya paa ambalo mwenye nyundo analidai?

Sasa nisikilize. Vifaa lipa dukani, wewe au ndugu yako, risiti itoke kwa jina lako. Ufundi toa kwa awamu, na awamu ya pili isitoke mpaka seremala, fundi umeme, hata vibarua wa zege, kila mmoja atie saini kwa mkono wake kuwa ya kwanza imemfika. Mkandarasi asisaini kwa niaba yao! Na kama anasaini pesa bado hazijamfika, karatasi iseme "nikishapokea kiasi hiki sitadai", sio "nimepokea".

Mengine uliyouliza wapo watakaokujibu. Rangi ya bati? Yangu nyekundu. Nimeilipa mara mbili, lazima niione nzuri.