Gobore linapiga vizuri mara mbili kisha linagoma: ni masizi, mkuu

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini gobore lako jipya la fataki linapiga vizuri risasi mbili za mwanzo, halafu kuanzia ya tatu unatoka jasho kuishindilia risasi na matundu kwenye shabaha yanatawanyika. La pili, kama kweli mtutu wa chuma unaoshwa kwa maji, na kama kuosha kunaweza kungoja wikiendi ijayo. Nayajibu kwa pamoja kwa sababu chanzo ni kimoja: masizi. Na hapana, kuosha hakungoji.

Baruti nyeusi ni shura (nitrati ya potasiamu), makaa na salfa. Ikiwaka haiishi yote kuwa gesi. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki vitu vigumu. Sehemu hutoka na ule moshi mweupe mzito, sehemu hugandia ndani ya mtutu. Kinachoganda kwa wingi ni chumvichumvi za potasiamu, na chumvi hizo huvuta unyevu kutoka hewani. Unyevu ukishapata pa kukaa, chuma kinaanza kuliwa. Penye hewa ya unyevu unaweza kukuta rangi ya kutu asubuhi baada ya kupiga jioni. Ila chumvi hizohizo huyeyuka kwenye maji, na ndiyo maana maji yana nafasi hapa ambayo hayana kwenye bunduki za kisasa. Chupa za dawa za kusafishia zipo nyingi, na nyingi kati ya hizo ni maji yaliyotiwa sabuni na harufu.

Sasa upigaji. Kabla ya kushindilia chochote, futa mafuta yote uliyoweka kwenye mtutu kwa ajili ya kuhifadhi. Kisha valisha fataki peke yake, bila baruti wala risasi, elekeza mdomo wa mtutu karibu na jani kavu chini, upande salama, ufyatue. Jani likirushwa, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, kuna mafuta au uchafu kwenye chuchu ya fataki (kile kijibomba unachokivalisha fataki), zibua kwanza.

Baruti iwe nyeusi halisi, au ya mbadala iliyotengenezwa kwa ajili ya magobore. Ile isiyotoa moshi, ya aina aliyoianzisha Paul Vieille kule Ufaransa mwaka 1884, usiitie hata chembe. Mgandamizo wake ni wa namna nyingine kabisa na mtutu wako unaweza kupasuka usoni pako. Ukubwa wa punje nao una maana: FFg ni punje kubwa kidogo, FFFg ni ndogo zaidi na inaungua haraka. Kwa desturi FFg hutumika kwenye mitutu ya inchi 0.50 kwenda juu, na FFFg kwenye midogo na bastola, ingawa wapo wanaotumia FFFg kwenye 0.50 kwa kiasi kilichopunguzwa. Fuata kijitabu cha aliyetengeneza gobore lako. Kama mtutu wako ni wa 0.50 na unatumia risasi ya duara, greni 50 au 60 zinatosha kabisa kujifunzia. Greni 60 ni kama gramu 3.9. Kujaza zaidi kunaongeza teke na masizi, shabaha haiongezeki.

Mimina baruti kwenye kipimo kwanza, halafu kutoka kwenye kipimo uitie mtutuni. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya baruti au chupa. Kaa dogo la moto likibaki mtutuni, litawasha kilichomo kwenye kipimo tu, na hilo unaweza kulivumilia. Likiwasha pembe nzima mkononi mwako, hutavumilia.

Kisha kitambaa na risasi. Kwa 0.50, wengi huanza na risasi ya inchi 0.490 ya madini laini ya risasi yasiyochanganywa, imevikwa kitambaa cha pamba cha unene wa inchi 0.015 kilichopakwa kilainishi. Kilainishi kiwe cha asili: nta ya nyuki na mafuta ya mzeituni, au shahamu. Mafuta ya bunduki yatokanayo na petroli yakikutana na masizi ya baruti nyeusi hugeuka kitu kama lami. (Mafuta ya kupakia risasi yamewahi kuleta balaa kubwa kuliko hilo. Uvumi kwamba karatasi za baruti za bunduki ya Enfield zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe ulikuwa moja ya cheche za maasi ya askari wa Kihindi mwaka 1857.)

Unaposukuma kwa mdeki (ile fimbo ya kushindilia), ushike karibu na mdomo wa mtutu na kusukuma vipande vifupi vifupi. Ukiushika juu kabisa na kukandamiza kwa nguvu, mdeki wa mti huweza kukatika na kukuchoma kiganja. Kichwa na kifua visiwe juu ya mdomo wa mtutu. Risasi lazima ikae juu ya baruti, bila nafasi katikati. Ikiachwa njiani, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Weka alama mbili kwenye mdeki: ya mtutu mtupu, na ya mtutu ulioshindiliwa vizuri. Alama hizo ndizo zitakazokuambia kama risasi imefika, na ukisahau, zitakuambia kama gobore lina kitu ndani. Usiitwange risasi kwa mdeki kama unatwanga kisamvu. Inapondeka na kupoteza umbo. Isukume hadi ikae, basi. Fataki huja mwisho, ukiwa tayari umeelekea shabaha.

Tunafika kwenye tatizo lako la risasi ya tatu. Baada ya kila mlio, pitisha kitambaa kimoja chenye unyevu, kisha kimoja kikavu. Nasema unyevu, si kuloa: ukikikamua kisitoe tone. Kishushe polepole mpaka chini, kiache kidogo, kitoe. Usisugue kwenda na kurudi, maana utasukuma tope lote la masizi kwenye njia ya moto na risasi inayofuata haitawaka. Wapo wanaosema wanapiga kumi bila kufuta. Inawezekana, kama kitambaa chao kina kilainishi kingi na hewa ina unyevu. Siku kavu masizi huwa magumu kama ukoko. Kwa anayejifunza, kufuta kila mara kunaufanya mtutu uwe katika hali ileile kwa kila risasi, nawe unajua kosa ni la mkono au la baruti.

Jifunze pia kuokota vitambaa vyako. Huanguka hatua chache mbele ya mahali unapopigia (ngojeni wote wamalize na mstari wa kupigia ufungwe kwanza!). Kitambaa kizuri hurudi na duara jeusi katikati na kingo zilizochanika kidogo, na karibu ungeweza kukitumia tena. Kikiwa kimeungua katikati, ni chembamba mno au kilainishi ni kidogo. Kikiwa kimekatwa mistari, mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu mpya bado ina makali, na mara nyingi hupungua yenyewe ukiendelea kupiga. Kwangu mimi hapo ndipo gobore linapozungumza, kuliko kwenye karatasi ya shabaha.

Ukifyatua, endelea kulenga. Kati ya nyundo kuanguka na risasi kutoka kuna muda kidogo, na kwenye gobore la gumegume ni mrefu zaidi. Ukiinua kichwa kuchungulia juu ya moshi, mtutu hupanda nawe na risasi huufuata. Fataki ikilia na baruti isiwake, usigeuze gobore wala usilitazame mdomoni: lielekeze kwenye shabaha dakika nzima, kisha valisha fataki nyingine. Na ikitokea umeshindilia risasi bila baruti (itatokea, kila mtu hupitia hapo), ipo parafujo ya kufungwa kwenye mdeki inayong'ang'ania risasi na kuivuta nje. Inunue kabla hujaihitaji.

Kuosha sasa. Hakikisha kwa mdeki kwamba ni tupu. Kama mtutu unachomoka kwenye mti wa gobore, uchomoe, fungua chuchu ya fataki, tumbukiza sehemu ya nyuma kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Funga kitambaa kwenye mdeki uvute na kusukuma, ili maji yapande na kushuka kupitia tundu la fataki. Yatatoka meusi na harufu ya mayai viza. Hiyo ni salfa, usishtuke. Badilisha maji mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Kama mtutu umefungwa kwa pini, usiung'oe kila mara: ziba tundu, mimina maji kwa mdomo, tikisa, mwaga, rudia.

Kuhusu maji ya moto, watu hubishana. Yanayochemka hukausha haraka, lakini chuma kikipata joto kali huweza kuota utando wa kutu papo hapo mbele ya macho yako. Mimi natumia vuguvugu na kukausha kwa vitambaa vingi mpaka hakuna unyevu. Baada ya hapo tu ndipo mafuta ya kuhifadhi yanaingia, na grisi kidogo kwenye nyuzi za chuchu isije ikagoma kufunguka. Futa mtambo wa kufyatulia na nyundo pia, moshi huingia humo. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, kausha na kupaka tena.

Baruti za mbadala hazikuondolei kazi hii. Pyrodex, kwa mfano, nayo inakula chuma, licha ya wanaodai kinyume.

Wikiendi ijayo, basi, sahau. Kama unapopigia hakuna nafasi, beba chupa ya maji, pitisha vitambaa vichache vya unyevu kabla ya kuondoka, umalizie nyumbani jioni hiyohiyo. Ukijaribu kufuta kila risasi na bado ya tatu inagoma kushuka, pima unene wa kitambaa chako, kisha weka hapa picha ya vile ulivyookota tuvitazame.