Nyama ya mafuta umeacha, mbona trigliseridi hazishuki?

Msomaji wa Langoni, Lamu, ameniandikia: kwa miezi mitatu hagusi nyama ya mafuta wala viazi karai, na maabara bado inasoma trigliseridi zake, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, kuwa 4.8 (milimoli kwa lita). Inatakiwa chini ya 1.7. Asubuhi yake ni mahamri manne na chai ya maziwa yenye sukari, mchana wali wa nazi, jioni sharubati.

Ndugu yangu, jawabu limo humo. Sukari na wanga vikizidi mahitaji ya mwili, ini huvigeuza kuwa mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Inaniuma kuona watu wakiambiwa "acha nyama" kisha basi. Anza na vinywaji. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, vijiko saba vya chai na ushei, na sharubati ya embe iliyotiwa sukari haina nafuu. Mnazi nao uache kabisa, kwa sababu pombe hulisukuma ini litengeneze trigliseridi zaidi.

Wali usiukimbie, upunguze: kiasi cha ngumi yako, nusu ya sahani mchicha au mboga nyingine, robo samaki. Vibua, dagaa na jodari wana mafuta ya omega-3 yanayosaidia. Kula mara mbili kwa wiki, wa kuchoma au chukuchuku. Ukimzamisha kwenye karai la mafuta, au ukimpaka tui la kasimile, umeiharibu dawa. Kisha tembea. Mkunguni hadi Shela kwa miguu ni kama dakika 40. Mashua iache iende.

Kupima kwenyewe hukosewa sana. Kaa saa 10 hadi 12 bila kula, maji tu. Kikombe cha chai ya maziwa alfajiri kinatosha kuharibu majibu. Rudia baada ya wiki 8 hadi 12, na umwombe daktari apime sukari na tezi la shingo, maana kisukari kisichodhibitiwa peke yake huzipandisha trigliseridi. Mwambie pia dawa zote unazomeza.

Trigliseridi zikifika 5.6 na kuendelea, chakula peke yake hakitoshi: kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo, liko hatarini, na hatari huzidi sana zikipita 11. Maumivu makali juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, hayangoji kupambazuke. Hata ukiwa kisiwa cha mbali, tafuta boti usiku huo huo uende hospitali.