Kabla hujatiki vlan-filtering, soma hapa

Juzi saa nne usiku kijana wetu wa mitandao kanipigia kutoka Lindi, sauti ya chini kama aliyevunja sahani ya mgeni: "Kaka, ruta imenifungia nje." Sikumuuliza kafanyaje. Niliuliza tu, "Umetiki vlan-filtering kabla ya nini?" Kimya. Wa tatu huyo tangu msimu uanze. Basi naandika kuhusu ruta za MikroTik na VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao midogo iliyotengana; vlan-filtering ndiyo swichi ya kuwasha mgawanyo huo. Someni, mniache nilale.

1. Kutiki vlan-filtering ni kazi ya mwisho. Kwanza poti na PVID zake (namba ya VLAN inayopewa data inayoingia bila lebo), kisha jedwali la VLAN, na humo bridge yenyewe (daraja linalounganisha poti na ruta) iwe tagged, yaani ipitishe data yenye lebo ya VLAN, siyo poti za trank (zinazobeba VLAN nyingi) peke yake. Ukiisahau, poti zitapitishiana data vizuri tu, lakini ruta haisikii kitu: DHCP (ya kugawa IP) hakuna, gateway (mlango wa kutokea) hakuna, Winbox (programu ya kuisimamia ruta) hakuna.

Hili nimelilipia nauli. Msimu wa korosho, ghala moja Masasi, mimi niko zangu Mtwara mjini, miguu juu ya kiti. Nimeingia kwa AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali) kupitia kompyuta ya mhasibu, yaani nimekalia tawi lilelile ninalolikata. Nikapanga VLAN 10 ya ofisi, 20 ya mizani, 30 ya wageni, nikatiki, Apply. Skrini ikaganda. Nikaenda kuchemsha chai. Nimerudi bado imeganda, na simu inaita: mhasibu. Malori yamepanga foleni, mizani haitumi uzito ofisini. Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Mama, laini ya huko ina shida, nakuja."

Kutoka Mtwara hadi Masasi ni kilomita 200 hivi, nikapanda basi. Hadi Mnazi Mmoja nilikuwa bado natunga uongo wa kumwambia bosi. Tumefika Ndanda ndipo akili ikarudi: poti ya 5 sikuigusa! Bado iko PVID 1, bado inagawa IP za zamani. Nikampigia mhasibu. "Mama, ule waya wa bluu wa kompyuta yako, chomoa namba 2, chomeka namba 5." Nusu dakika, kompyuta ikarudi hewani. Nikaongeza bridge kwenye tagged kwa simu, ndani ya basi, kidole kikiruka kila tuta. Masasi nilifika hivyohivyo, maana nauli nilishalipa. Mama akanitazama toka juu hadi chini: "Mwanangu, kumbe ni kuhamisha waya tu? Sasa basi ulipandia nini?"

2. Safe Mode. Kitufe kiko juu kushoto kwenye Winbox. Ukikatika, ruta inarudisha mabadiliko yenyewe baada ya dakika 9 hivi. Siku ile sikukibonyeza kwa sababu nilikuwa fundi.

3. VLAN bila ruli za faiwoli (nani apite, nani asipite) ni uzio wa makuti. MikroTik inaziachia VLAN zote zionane mpaka uzuie mwenyewe. Gesti moja nilikuta mgeni wa chumbani kaprinti tiketi yake kwenye printa ya meneja, kisha kashuka kuidai. pfSense (mfumo mwingine wa ruta na faiwoli) ni kinyume: VLAN mpya haiendi popote mpaka uiandikie ruli, kwa hiyo ukiona "IP nimepata, intaneti sina", usianze kubadilisha kebo, tafadhali.

4. Namba ya VLAN ionekane kwenye anwani za IP: VLAN 20 iwe 192.168.20.0/24. Namba za VLAN zipo 1 hadi 4094, msipange kwa tarehe za kuzaliwa.

5. Acha poti moja nje ya bridge, ipe IP yake, bandika plasta, andika USIGUSE. Na funguo za kabati ujue ziko kwa nani. Huyo wa Lindi nilipomuuliza kuhusu poti ya akiba alichangamka kabisa: "Ipo kaka, niliiweka kama ulivyonifundisha!" Nikamwambia chomeka laptopu basi. Akasita. Kabati limefungwa, funguo anazo meneja, na meneja kalala Nangurukuru, kule Kilwa.