Taruma la jahazi bovu lafaa kukerezwa?

Mwanangu, umeuliza kama lile pande la taruma, yaani ubavu wa jahazi, ulilookota Matondoni, Lamu, lenye ufa na matundu ya misumari, lafaa kukerezwa chombo cha pambo. Lafaa, ila misumari kwanza. Pitisha sumaku polepole, kisha tafuta madoa meusi, maana chuma kilichozama ndani sumaku haikivuti vizuri, lakini weusi wake hukisengenya. Chimba hapo, utoe chuma, doa liache. Wageni wa Shela hununua lile doa, si mbao!

Ufa sasa. Ligonge pande kwa kifundo cha kidole: likilia kwa sauti kavu, kali, endelea, likitoa mlio wa chungu kilichopasuka, fanya kuni. Ufa mwembamba ujaze unga wa mbao hiyohiyo na gundi ya maji, uache ukauke kabla ya kuwasha mashine. Anza mwendo wa chini kabisa, usisimame mbele yake. Mimi pande liliwahi kunipita sikioni, na lilikuwa dogo. Miwani na barakoa uvae.

Kuta za chombo ziache nene. Ukimaliza msasa, paka nta ya nyuki. Maji usitie, kitavuja.