Laptopu ikifungwa inalala: jinsi ya kuiacha ikifanya kazi

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina laptopu ya zamani niliyoiwekea Ubuntu Server (mfumo endeshi wa seva, unaotumiwa kwa kuandika amri), inatunza mafaili ya ofisi. Nikiifunga tu, wenzangu hawayapati tena mpaka niifungue. Nifanyeje?

Jibu: Salama. Seva yako ni nzima, imelala tu. Laptopu nyingi zina kihisi cha sumaku upande wa kibodi, na sumaku yenyewe imefichwa kwenye fremu ya skrini. Vikikaribiana, mfumo unajua mfuniko umefungwa. (Ndiyo maana laptopu iliyowekwa juu ya nyingine huweza kulala ikiwa wazi.) Kwenye Ubuntu taarifa hiyo hupokelewa na systemd-logind, programu ya mfumo inayoshughulikia kuingia kwa watumiaji na kuilaza mashine, ambayo isipoambiwa vingine huilaza mashine.

Fungua faili la mipangilio yake:

sudo nano /etc/systemd/logind.conf

Tafuta mstari #HandleLidSwitch=suspend, uubadilishe uwe:

HandleLidSwitch=ignore

Hiyo alama ya reli (#) mwanzoni lazima iondoke. Wengi hubadilisha neno la mwisho wakaiacha, na mstari wenye alama hiyo hausomwi kabisa. Chini yake kuna HandleLidSwitchExternalPower, unaohusu laptopu ikiwa kwenye chaja. Mstari huo ukiwa bado na alama ya reli, unafuata ule wa kwanza, hivyo uache. Ila kama kuna mtu aliwahi kuuandika suspend bila alama, laptopu itakesha ikitumia betri na kulala ikichomekwa kwenye umeme, kioja cha kukupotezea siku nzima.

Hifadhi, kisha uiwashe upya mashine kwa sudo reboot. Kuianzisha upya systemd-logind peke yake kunawezekana, lakini kwenye Ubuntu yenye madirisha kunaweza kukutoa nje na kazi yako ikiwa haijahifadhiwa.

Sasa pima. Kwenye kompyuta nyingine endesha ping (amri inayopima kama mashine inajibu kwenye mtandao) kwenda anwani ya seva, funga mfuniko, ngoja dakika mbili. Majibu yakikatika, ifungue usome kumbukumbu za mfumo:

journalctl -u systemd-logind

Ukikuta "Lid closed" na mara baada yake habari za kulala, mpangilio haujashika. Rudi ukakague tahajia. Ukikuta "Lid closed" peke yake, mashine haikulala: mshuku mtandao, hasa Wi-Fi inayojipunguzia umeme. Kwa seva, mimi ningechomeka waya wa mtandao niachane na Wi-Fi kabisa.

Jambo linalosahaulika ni skrini. Kwenye Ubuntu Server inaweza kubaki inawaka ndani ya mfuniko uliofungwa, ikila umeme na kuongeza joto. Fungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuwaka kwa mashine, na kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza consoleblank=60 ndani ya alama za kunukuu. Endesha sudo update-grub, kisha uwashe upya. Skrini itazimika baada ya sekunde 60 bila kuguswa kibodi.

Mwenye Windows aende Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", achague "Do nothing" kwa betri na kwa chaja. Muda wa kulala wenyewe hupangwa mahali pengine. Asipouweka "Never", mashine italala tu hata ikiwa wazi.

Joto nalo si la kupuuza. Laptopu nyingi hutoa hewa ya moto karibu na bawaba, na baadhi huvuta hewa kupitia kibodi, njia ambayo sasa umeiziba. Iweke juu ya meza, iinue nyuma sentimita mbili hivi, na isikae kwenye kitambaa wala ndani ya begi ikiwa inafanya kazi. Betri inayoshinda kwenye asilimia 100 huku ikipikwa na joto huchoka haraka na huweza kuvimba. Kama BIOS yako (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguliwa kabla Ubuntu haijawaka) ina kikomo cha kuchaji, kiweke asilimia 80. Padi ya kipanya iliyo chini ya kibodi (touchpad) ikianza kuinuka, au mfuniko ukikataa kufunga sawasawa, zima mashine, chomoa chaja, fundi aitoe betri. Usiitoboe wala kuikandamiza irudi mahali pake.