Majibu ya damu baada ya upasuaji wa moyo: uliza jana yalikuwaje

Mgonjwa wako akishatoka kupasuliwa moyo, utaanza kusikia namba kila siku. Ushauri wangu mkubwa ni huu: ukiambiwa kipimo ni kadhaa, uliza jana kilikuwa ngapi, na kabla ya upasuaji kilikuwa ngapi. Nilimuuguza kaka yangu aliyebadilishwa vali ya mitrali (mojawapo ya milango ya damu ndani ya moyo), na swali hilo ndilo lililonisaidia kuelewa anaelekea wapi.

Troponini ndiyo huwatisha ndugu wengi. Msuli wa moyo ukiumia, protini hiyo huvuja na kuingia kwenye damu, na kwa mtu aliyekuja na maumivu ya kifua ni dalili kubwa. Lakini moyo uliosimamishwa, ukakatwa na kushonwa, lazima uivujishe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika New England Journal of Medicine uliwafuatilia wagonjwa karibu 14,000. Kwa waliofanyiwa bypass (kuwekewa njia mpya ya damu kupita mshipa wa moyo ulioziba) au kubadilishwa vali ya aota, hatari ya kufa ndani ya siku 30 ilionekana kuongezeka pale troponini ya siku ya kwanza ilipozidi mara 200 ya kiwango cha juu cha kawaida. Kwa hiyo ukiona tu maandishi "juu ya kawaida", usikimbilie kuwapigia simu watu nyumbani.

Mimi niliyoifuatilia kwa karibu ni kreatinini, kipimo cha figo. Figo huumia kirahisi katika upasuaji huu, hasa damu inapopitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Ikipanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita au zaidi ndani ya saa 48, madaktari huhesabu kuwa figo zimeumia. Sasa fikiria mwanaume aliyeingia na 60 akafika 95. Karatasi ya maabara itaonyesha yuko sawa kabisa, kumbe sivyo! Ndiyo maana nasisitiza kuomba nakala ya majibu ya kabla ya upasuaji: kreatinini, wingi wa damu, na NT-proBNP kama ilipimwa, maana hiyo huonyesha moyo ulikuwa umeelemewa kiasi gani. Angalia pia vizio, kwani maabara nyingine huandika kreatinini kwa miligramu.

Laktati, ambayo hupanda mwili usipopata damu na oksijeni ya kutosha, ni ya ICU zaidi. Mnataka kuona inashuka kuelekea chini ya milimoli 2 kwa lita. CRP, kipimo kinachoonyesha mwili unapambana na jeraha au maambukizi, hupanda kwa kila mtu, kilele chake kikiwa siku ya pili au ya tatu. Ikishuka halafu ikapanda tena, muulize daktari kuhusu maambukizi, na kiangalieni kidonda.

Namba hizi hazisimami peke yake. Muulize nesi mkojo umetoka kiasi gani. Mtazame mgonjwa anavyopumua, anavyokula, kama amekaa kitini.

Mkirudi nyumbani na vali ya chuma, INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ndiyo itakayobaki nanyi maisha yote. Kwa vali ya mitrali mara nyingi hutakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Mchicha na kisamvu asiache, ila ale kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Na tafadhali, tumbo likimsumbua msimnunulie Flagyl dukani bila kumuuliza daktari wake: ikikutana na wafarini, dawa yake ya kuzuia damu isigande, INR hupanda na mtu anaweza kuvuja damu.